Benchi la Jumanne

Mathenge alikuwa na hospitali mbili: moja ya binti yake, nyingine yake mwenyewe.

Ile ya binti yake ilikuwa Milimani, jengo la vioo ambalo hata bawabu wake alivaa tai. Lorna ndiye aliyemwandikisha huko akiwa Nairobi, kwa bima ya kazini kwake, baada ya baba kuambiwa ana presha na sukari. Kila mwezi ujumbe uliingia kwenye simu ya mzee, ukimtajia siku, saa na dakika. Saa tatu na dakika ishirini. Akifika saa tatu na robo, msichana wa mapokezi humwambia, "Karibu, Mzee Mathenge," macho yakiwa kwenye kompyuta. Dakika tano baadaye yuko mbele ya daktari. Kabla ya saa nne yuko nje juani, mfuko wa dawa mkononi, na siku nzima iko mbele yake haijaguswa.

"Umeona raha hiyo, Baba?" Lorna alimuuliza kwa simu mara ya kwanza. "Hakuna foleni, hakuna kusukumana."

"Nimeona," alijibu.

Hakumwambia kwamba siku ambayo haijaguswa ilimtisha kuliko sukari.

Alikuja Kisumu mwaka wa 1984 kutoka Mukurwe-ini, kijana wa miaka ishirini na minane, akafungua duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko la Kibuye. Kwa karibu miaka arobaini aliwauzia watu wa ziwani tairi, cheni na spoku. Akajifunza Kijaluo, lakini Kijaluo cha dukani. Alijua kutaja bei, alijua kusema kesho, imelegea, imebana, lete nikuangalizie. Maneno ya kumfariji mtu hakuyajua, maana kwenye kaunta hakuna aliyeyahitaji. Yaliyobaki moyoni aliyazungumza jioni kwa Kikuyu na mkewe, Wahu.

Wahu alipofariki walimzika kwao Mukurwe-ini, na Mathenge akarudi Kisumu peke yake. Pikipiki zilikuwa zimeshaiua biashara ya baiskeli, duka akalifunga. Akabaki na vyumba viwili kule Mamboleo, redio, na majirani waliotoka alfajiri kwenda kutafuta riziki na kurudi wamechoka kiasi cha kutosalimiana. Lorna alimwita Nairobi. Alikaa wiki mbili katika ghorofa ya saba, akitazama ghorofa ya saba ya jengo la pili, kisha akaomba arudishwe. Alisema hawezi kuacha nyumba bila mtu. Kumbe nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa haina mtu hata akiwa ndani.

Kuna Jumatatu moja alitaka kumjibu mama aliyemuuliza njia barabarani, sauti ikakataa kutoka. Akakohoa, akajaribu tena. Akiwa anaondoka alihesabu, akakuta tangu Ijumaa neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa moja tu, "nusu", alilomwambia muuza maziwa.

Hospitali ya pili aliipata kwa bahati. Daktari wa Milimani alisafiri, miadi ikasogezwa mbele siku kumi, na dawa zilikuwa zimebaki za siku mbili. Mathenge hakutaka kumsumbua Lorna. Akapanda pikipiki hadi hospitali ya serikali, ambako kila Jumanne kulikuwa na kliniki ya presha na sukari.

Alifika saa kumi na mbili asubuhi akakuta watu wamejaa. Karani mmoja kijana, Calvince, aligawa vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, na vilikuwa sitini tu, kwa sababu daktari na sista wake mmoja hawakuweza kuona zaidi ya watu sitini kwa siku. Mathenge alipata arobaini na tatu. Benchi la kungojea lilikuwa refu, limezunguka kuta tatu za ukumbi. Kila aliyeitwa aliacha nafasi, na wote nyuma yake wakasogea kiti kimoja, kwa hiyo kila mtu alikalia joto la mwenzake. Kusogea huko kuliwafanya watu wazungumze, watake wasitake. Huwezi kumsukuma mtu kwa nyonga mara arobaini usimuulize ametoka wapi.

Kulia kwake alikaa Mzee Owiti, karani wa reli mstaafu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kushoto alikaa mama mnene mwenye leso ya kijani, Mama Aoko, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Asembo Bay.

"Huku ni mbali kwako," Mathenge alimwambia. "Kwenu hakuna dispensari?"

"Iko. Naweza kuitupia jiwe nikiwa mlangoni kwangu."

"Sasa?"

"Sasa nesi wa pale ni mke wa shemeji yangu." Mama Aoko akaangalia kama kuna anayesikiliza, na kwa kuwa wote walisikiliza, akaendelea kwa sauti ile ile. "Nikienda asubuhi kupimwa sukari, jioni kijiji kizima kinajua siwezi kula mandazi. Na kile kipimo chao leo kipo, kesho vijiti vyake vimeisha. Afadhali huku. Huku nangoja siku nzima, lakini sijulikani."

Owiti alikuwa na falsafa yake kuhusu jambo hilo. "Jaduong'," alimwambia Mathenge, kwa neno la Kijaluo la kumheshimu mzee, "wewe ukishuka pale kwenye vibanda vya samaki, unaingia kibanda gani? Kile kilicho tupu?"

"Hapana. Chenye watu."

"Ndiyo hiyo. Mahali pa watu wengi ndipo penye daktari. Mahali patupu kuna sababu."

"Na tukienda wote pale penye watu wengi?" akauliza mtu wa upande wa pili.

"Basi tutangoja wote," akasema Owiti, na benchi zima likacheka.

Mathenge aliitwa saa tisa alasiri. Sista Bridget, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akaandika, akampa dawa za mwezi. Alirudi Mamboleo kiuno kikimuuma, hajala tangu asubuhi isipokuwa njugu za Mama Aoko. Akaketi kitandani, akavua viatu, na ghafla akagundua kwamba alikuwa akitabasamu. Alikuwa amezungumza na watu kumi na mmoja. Aliwahesabu mara mbili.

Jumanne iliyofuata alirudi.

Hakuwa na sababu ya kurudi. Alimwambia Sista Bridget kwamba anasikia kizunguzungu. Wiki iliyofuata ikawa kichwa. Baadaye ikawa ganzi ya vidole. Sista alimpima, akampa vidonge vichache, akamwambia apunguze chumvi. Vidonge hivyo Mathenge hakuvimeza, kwa sababu vya Milimani alikuwa navyo. Alivitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililokuwa tupu. Miadi ya Milimani hakuiacha, Lorna asije akajua. Lakini Jumatatu jioni alipiga pasi shati lake la mistari, akapiga brashi kofia yake ya sufu, akalala mapema kama mtu mwenye safari.

Kwa miezi mingi maisha yake yakawa na siku moja kwa wiki. Alijua mtoto wa nani amepata kazi Nakuru na jirani wa nani anasogeza mpaka wa shamba. Mama Aoko alimletea omena waliofungwa kwenye gazeti, yeye akampelekea ndizi mbivu, wakakumbushana kwamba ndizi mbivu ni sukari, wakazila. Wakati mwingine Mama Aoko alikosa Jumanne mbili tatu, kwa kuwa kadi yake ilimtaka mara moja kwa mwezi na nauli haikuwa mchezo. Asipokuja, Mathenge aliona siku imepungua. Wala hakuwahi kujiuliza mbona yeye anakuja kila wiki na wenzake hawaji.

Mvua za masika zilipoanza, Mama Aoko alianza kuchechemea. Alisema ni kiatu. Alikuwa na kidonda katikati ya vidole vya mguu wa kushoto, akakifunga kitambaa.

"Mwonyeshe Sista," Mathenge alimwambia.

"Nitamwonyesha nikirudi. Leo amenipima sukari nikasahau. Ukishangoja kwa saa nane, ukiingia mle ndani hata jina lako unasahau."

Jumanne aliyotakiwa kurudi, mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake. Hata hivyo watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Mathenge alichelewa kidogo akapata namba hamsini na nane. Nyuma yake wakaingia wawili, kisha Calvince akafunga daftari.

Ilikuwa kama saa mbili na nusu aliposikia sauti mlangoni, na akaijua kabla ya kugeuka.

"Mwanangu, gari letu lilikwama kwenye matope karibu na Kombewa. Tumeshuka tukasukuma. Nimetoka nyumbani saa kumi."

"Mama, namba zimeisha," Calvince alisema. Hakuwa mkali, alikuwa ameshawaambia hivyo watu tisa asubuhi hiyo. "Njoo Jumanne ijayo, ufike mapema."

"Mguu unaniuma. Si kama wiki ile."

"Unaweza kwenda upande wa dharura, lakini na huko ni hivyo hivyo, wamejaa. Ama upate mtu humu ndani akuachie namba yake. Mimi sina ruhusa ya kuandika sitini na moja."

Mama Aoko akaangaza macho kwenye benchi. Watu wote wakawa na kazi: mmoja akafunga kamba ya kiatu, mwingine akatoa simu. Mathenge aliinamisha kichwa. Kile kipande cha karatasi kilikuwa kwenye kiganja chake, kimelowa jasho. Alijua vizuri kwamba hana anachokisubiri. Alijua kwamba akisimama na kukitoa, saa tatu atakuwa nje kwenye mvua, saa nne atakuwa Mamboleo, na hadi Jumanne nyingine hakutakuwa na mtu. Akajiambia kuna atakayesimama. Wapo vijana humu, wapo wanaokaa karibu. Akahesabu hadi ishirini.

Alipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu.

Siku hiyo hakuzungumza na mtu. Saa tisa na nusu Sista Bridget alimfungua kitambaa mkononi akasema, "Mzee, presha yako ni nzuri kuliko yangu. Nenda kapumzike."

Jumanne iliyofuata aliweka kofia yake kwenye nafasi ya kushoto ili isikaliwe. Watu walisogea, naye akaisogeza kofia. Karibu saa nne Owiti aliikamata, akamrudishia mkononi.

"Aoko haji," alisema. "Huna habari? Yuko wodini, hapo juu. Mwanawe alimleta Jumamosi na homa, hajijui. Jana wamemkata vidole viwili vya mguu."

Mathenge akashika kofia kwa mikono miwili.

"Wanasema angekuja siku chache mapema wangekiosha tu kile kidonda," Owiti aliendelea. "Lakini ndiyo hivyo. Wewe umepata namba ngapi leo?"

Mathenge alisimama, akamwendea mama mmoja aliyekuwa amekaa chini nje ya mlango na mtoto mgongoni, akampa kile kipande cha karatasi, akatoka. Mama yule alimwita amshukuru. Hakugeuka.

Saa saba mchana ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Huko hakuna namba. Alipanda ngazi, akampata Mama Aoko kitanda cha dirishani, amepungua, mguu umefungwa bendeji nyeupe na kuinuliwa juu ya blanketi lililokunjwa. Watu wake walikuwa mbali. Mwanawe alirudi ziwani, na dada yake angeweza kuja Jumapili tu. Alipomwona Mathenge alifurahi.

"Jaduong'! Umetoroka foleni?"

Siku hiyo hakusema habari ya ile namba. Wala siku ya pili. Alileta uji wa wimbi usio na sukari kwenye chupa ya chai, akakaa kwenye kiti cha chuma, akasikiliza habari za wagonjwa wengine. Siku ya tatu, akimimina uji kikombeni, akajua hawezi tena kuficha.

"Mama Aoko. Siku ile ulipoambiwa namba zimeisha, mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa na hamsini na nane."

"Najua ulikuwa ndani," alisema. "Niliona kofia."

Mathenge alitazama sakafu. Nesi alipita na kigari cha dawa, gurudumu likilia, akangoja lipite.

"Sikuwa mgonjwa," alisema. "Nina hospitali nyingine, Milimani. Binti yangu ananilipia kwa bima ya kazini kwake. Dawa ninazo nyumbani, nyingi. Hapa nilikuwa nakuja kukaa tu."

"Kukaa?"

"Na watu."

Mama Aoko hakulia, wala hakupaza sauti. Alisema, "Mimi nilitoka nyumbani saa kumi alfajiri." Kisha akageuza uso ukutani.

Mathenge alibaki kwenye kiti hadi kengele ilipolia.

Asubuhi yake alimwaga vile vidonge vyote kutoka kwenye kopo, akavitia kwenye bahasha, akaenda kumngojea Sista Bridget mlangoni pa kliniki kabla hajaanza kazi. Haikuwa Jumanne, kwa hiyo ukumbi ulikuwa mtupu na benchi lilionekana fupi. Alimweleza yote akiwa amesimama. Sista alifungua bahasha, akachungulia.

"Jumanne ngapi?" aliuliza.

"Nadhani thelathini na moja."

"Basi ni watu thelathini na mmoja." Hakusema kwa hasira, alisema kama anasoma kipimo. "Mwezi jana tuliishiwa dawa hizi wiki nzima. Unajua, Mzee, mimi nilikuwa naandika kwenye faili lako kwamba una wasiwasi mwingi. Nilikuwa nafikiria kukutuma kwa daktari wa akili."

"Labda ungefanya vizuri."

Sista alikaribia kutabasamu, akaacha. Akachukua kadi ya Mathenge ya kliniki, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Kukaa hakukatazwi," alisema. "Ukitaka kuja Jumanne kuwasalimia watu, njoo. Lakini namba usichukue."

Mathenge alijaribu. Jumanne iliyofuata alikuja akaketi mahali pake pa kawaida kati ya watu, mikono mitupu. Mtu wa kwanza alipoitwa, wote walisogea; wa nyuma yake akamsukuma kwa nyonga.

"Sogea, Mzee."

"Pita tu. Mimi sina namba."

Yule mtu alimwangalia kwa mashaka, akamruka. Wa pili akamruka. Kila mara ilibidi aeleze, na waliosikia maelezo hawakuelewa mtu asiyengojea kitu anakaa vipi mahali pa kungojea. Kufikia saa tano alikuwa mwisho wa benchi, na mazungumzo yote yalikuwa yamesogea mbele, karibu na mlango wa daktari. Owiti aligeuka akamwona, akarudi kukaa naye dakika mbili huku akichungulia asipitwe. Mathenge akamwambia na yeye ukweli, kwa ufupi.

Owiti alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Unadhani ni wewe peke yako?" alisema. "Mimi kwangu Nyalenda kuna kliniki nyuma ya ua. Wana dawa hizi hizi. Nilienda mara moja, nikahudumiwa nikamalizwa, nikarudi nyumbani chai yangu bado ina moto." Akavaa miwani. "Chai yenyewe ni ya kikombe kimoja."

Namba yake ikaitwa, akaenda.

Mathenge hakurudi tena kwenye benchi. Lakini wodini alikwenda kila siku saa saba. Siku ya kwanza baada ya kukiri, Mama Aoko alikunywa uji bila kumtazama. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu alishusha kikombe akasema, "Leo umetia chumvi nyingi."

"Kesho nitapunguza."

"Na uchemshe vizuri. Huu ni unga mtupu."

Hakumwambia kwamba amemsamehe, naye hakuuliza. Baada ya wiki Mama Aoko alianza kumwuliza maswali. Mkeo alikufa na nini? Alikuwa anapenda nini? Mathenge alimweleza juu ya Wahu, polepole, kwa Kiswahili, akitafuta maneno. Alipofika mahali pa kumwambia jinsi alivyofunga duka siku ile ya kifo na kukuta nyumbani wamemfunika tayari, Mama Aoko alimwambia neno moja, "Mos." Mathenge alilijua kwa kulisikia, watu waliambiana wakikanyagana, wakifiwa, wakiangusha sahani. Ni pole. Katika miaka yote ya dukani hakuna aliyewahi kumwambia yeye.

"Mos," naye akamjibu, akitazama ule mguu.

"Ee," alisema Mama Aoko. "Ndiyo hivyo inavyosemwa."

Aliruhusiwa mwisho wa mwezi. Mwanawe alimchukua kwa gari la kukodi, na Mathenge akambebea ndoo na chupa hadi mlangoni. Walipeana mikono. Ilikuwa saa nne, na jua lilikuwa kali.

Mwezi mmoja baadaye alikwenda Asembo Bay kumwona. Alimkuta nyuma ya nyumba, juu ya kigoda, mguu umenyooshwa, akiwafukuza ndege kwenye nyavu za omena zilizoanikwa. Akamwonyesha kwa fimbo nyumba ndogo ya bati la buluu ng'ambo ya barabara.

"Siku hizi naenda pale. Kwa yule mke wa shemeji. Ananiosha kidonda kila siku ya pili. Sipangi foleni, maana watu wote wamekimbilia huko kwenu Kisumu." Akacheka. "Kijiji chote kinajua sukari yangu. Wacha wajue. Kwa mguu huu siwezi kwenda mbali kuficha kitu."

"Kwa hiyo Kisumu hurudi."

"Nirudi kufanya nini?"

Alisema kwa urahisi, bila ubaya. Mathenge aliketi karibu naye, akamsaidia kutoa mchanga na makombe kwenye omena. Uani hapakukosa watu. Wajukuu walipita, jirani akaja kuazima ungo akakaa nusu saa, wakwe wakaleta maji. Kijaluo chao kilikwenda mbio, kikampita, na mara kwa mara mtu alikumbuka mgeni akamtupia neno la Kiswahili. Walimpa ugali na samaki, wakamkaribisha kwa heshima zote. Mama Aoko alikuwa na kidonda, lakini upweke hakuwa nao; Mathenge aliona wazi kwamba mama huyo hakuwahi kumhitaji wakati wowote ila zile siku za wodini, na hizo zilikuwa zimekwisha. Saa kumi alasiri akaaga. Mama Aoko alimwambia aje tena, kama watu wanavyoambiana.

Jua lilikuwa halijazama alipofungua mlango wake Mamboleo. Alikuwa akichemsha maji kwenye sufuria simu ilipolia.

"Baba, ujumbe wa hospitali umefika? Ni kesho, saa tatu na ishirini. Presha unaipima?"

"Naipima."

"Na ile sukari?"

"Iko sawa." Alizima jiko. Maji yakaendelea kuchemka kidogo, yakatulia. "Lorna, hospitali uliyonitafutia ni nzuri. Sijaona kosa lake. Lakini mimi si mgonjwa sana. Mimi niko peke yangu."



"Kwa nini hukusema?" Lorna aliuliza, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Ulikuwa unaniuliza presha."

Akasikia mlango ukifungwa huko Nairobi, kisha kiti kikivutwa. "Sasa nakuuliza," alisema. "Niambie."

Mathenge alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasafisha koo, akaanza na Mzee Owiti na miwani yake ya uzi.